Matusi ya Shangazi Ramkunwar

Binadamu ana tabia moja ya kuchekesha. Akipata kitu kipya, cha zamani humchusha siku hiyohiyo. Jana alikuwa akikisifu mbele ya majirani. Leo anakitazama kama mgeni aliyekaa kupita kiasi. Hangoji hata hicho kipya kizoeane na kazi. Hukitupa kwanza cha zamani, kisha ndipo huanza kuuliza kama kipya kinafaa. Hayo ndiyo yaliyompata Girijashankar Khare, au Girja kwa kifupi, mpiga chapa wa Mauranipur kule India, mtu mwenye akili nyingi zilizomfaa kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe.

Nje ya mahakama ya Mauranipur kuna banda la mabati ambamo wapiga chapa huketi bega kwa bega, wakiandika kwa Kihindi hati za viapo, mashtaka ya mipaka ya mashamba na maombi ya vibali vya bunduki. Humo ndimo Girja alimokuwa akijipatia riziki. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kama mvua ya mawe juu ya bati, na wateja walipenda kusimama nyuma yake wakimtazama tu, hata kama karatasi iliyokuwa ikiandikwa ni ya kuwafukuza kwenye nyumba zao. Kompyuta yake ilikuwa ya zamani, yenye kioo kilichotuna mgongo, nayo kila asubuhi iliamka kwa kuguna kama nyati aliyeamshwa kabla ya wakati. Vitufe vyake kadhaa vilikuwa vimekufa. Mtu mwingine angenunua kibodi mpya. Girja, ambaye alikuwa bahili wa vitu na mkarimu wa akili, aliifungua fonti ya Kihindi, akazing'oa herufi za vitufe vilivyokufa, akazihamishia kwenye nafasi ambazo hakuna mtu mwingine aliyezitumia. Kisha akaendelea na kazi.

Msomaji asishangae. Fonti za Kihindi za siku zile zilikuwa kama vinyago. Ndani ya mashine hazikuwekwa herufi za Kihindi hata kidogo. Ziliwekwa herufi na alama za Kiingereza, na fonti ikazivika sura ya Kihindi zilipotokea mbele ya watu. Ukiivua fonti, kinyago kinaanguka, na mbele yako unabaki na vurugu ya alama zisizosema lolote. Sasa kinyago cha Girja kilikuwa kimeshonwa na Girja mwenyewe. Duniani kote kilikuwepo kimoja tu, nacho kilikaa ndani ya mashine ile yenye kuguna.

Ndani ya mashine hiyo kulikuwa na mali isiyokuwa yake. Ilikuwa ya Shangazi Ramkunwar.

Shangazi Ramkunwar hakuwa shangazi wa Girja kwa damu. Alikuwa shangazi wa mtaa mzima. Alikuwa mjane mwembamba kama ufito, mwenye ulimi uliotiwa makali na harusi za nusu karne. Maana kwetu, wakwe wanapoketi kula katika nyumba ya bibi harusi, wanawake wa nyumba hiyo huwatukana kwa nyimbo. Baba wa bwana harusi huimbiwa tumbo lake, dada zake huimbiwa wachumba wao wa siri, na farasi waliyekuja naye husifiwa kwamba ndiye pekee mwenye adabu katika msafara. Mkwe huinamisha kichwa, hucheka mpaka machozi, kisha huomba aongezewe. Asiyetukanwa hajapokewa, amelishwa tu. Na hapakuwa na mwanamke, kutoka Mauranipur mpaka Chhatarpur, aliyetukana kwa utamu kama Ramkunwar. Alijua wimbo wa mkwe mnene na wa mkwe mkondefu, wa mkwe bahili, wa mkwe aliyepaka nywele rangi nyeusi akasahau masharubu.

Wenzake waliokuwa wakimwitikia walikufa mmoja mmoja, na wasichana wa siku hizi walijua nyimbo za sinema peke yake. Basi majira kwa majira, mchana mahakama inapofungwa kwa sababu ya joto, Shangazi alikuwa akija bandani na ungo wake wa dengu. Yeye akichambua mawe na kuimba, Girja akiandika. Akikosea neno alirushiwa jiwe la dengu. Kazi hiyo haikuwa na malipo. Girja alisema malipo yake ni kusikia wakwe wa watu wakivuliwa nguo. Kuzichapa kwenye karatasi walikubaliana kungoje harusi ya Surabhi, mjukuu wa pekee wa Shangazi. Siku hiyo zingetolewa zote, na wasichana wa ukoo wangemwitikia bibi yao kama alivyoitikiwa zamani. Hilo ndilo lililokuwa limebaki katika maisha ya yule mama. Mengine yote, alisema, alikwisha kuyafunga kwenye fundo la sari.

Harusi ikakaribia. Bwana harusi alikuwa mtoto wa Lakhanlal Pateriya, mfanyabiashara wa nafaka wa Chhatarpur. Surabhi, aliyekuwa akifanya kazi Indore, akaomba atumiwe nyimbo kwenye simu ili awagawie binamu zake wajifunze mapema. Girja akamtumia kwanza zile za mwanzo. Jibu lilirudi kabla hajamaliza kufuta jasho.

"Baba mdogo," Surabhi aliuliza, "hizi ni nyimbo, au paka wako amekatiza juu ya kibodi?"

Kwenye simu kinyago kilikuwa kimeanguka. Girja akaeleza kwa fahari kwamba dawa iko njiani, kwa sababu siku hizo alikuwa ameagiza kompyuta mpya. Ilipofika, banda zima lilikuja kuitazama. Ilikuwa nyembamba kama chapati na iliamka kimya kama mwizi. Iliandika Kihindi cha Yunikodi, mfumo mpya ambao herufi ya Kihindi huwekwa kama herufi ya Kihindi, isomeke Mauranipur, isomeke Indore, isomeke mwezini kama kuna wapiga chapa huko. Tena kwenye mtandao kulikuwa na programu ya kugeuza maandishi ya fonti za zamani kuwa ya mfumo huo, bure, kwa kubofya mara moja.

Girja akatia faili la kwanza. Maandishi yakatoka safi kama mchele uliopembuliwa. Akalituma Indore, na Surabhi akampigia simu akimsomea mistari kwa sauti, akicheka kwa furaha. Zilikuwa nyimbo za mwanzo, zile za kuwakaribisha miungu kabla ya binadamu kuanza kutukanana. Girja alikuwa ameziandika zamani, wakati kibodi yake ingali na uhai wote, kabla hajagusa fonti. Jambo hilo halikumjia akilini. Mtu aliyeonja kijiko cha kwanza na kukuta kitamu haulizi chini ya sufuria kuna nini.

Akayamimina mafaili yote yaliyosalia kwa mkupuo mmoja, akaiamuru programu iyaandike juu ya yale ya zamani ili asichanganyikiwe. Kazi ya miaka ikageuzwa kabla glasi ya chai haijapoa. Hakufungua hata faili moja kulitazama. Alibeba mashine ya zamani mpaka nyumbani, akamwita mnunuzi wa vyuma chakavu.

Mkewe, Prabha, alikuwa mlangoni akikanda unga. Alimwambia aiweke kwanza mpaka harusi ipite, hata kama ni chini ya kitanda.

"Chini ya kitanda kuna sanduku la mama yako," Girja alijibu, "na juu ya sanduku kuna godoro la mama yako. Nikisukuma na kompyuta humo, mimi nitalala uani."

"Hiyo nayo si hasara," alisema Prabha. "Lakini mtu hauzi ng'ombe mzee kwa sababu ameona picha ya ng'ombe mpya."

Girja akacheka, akasema wanawake wa ukoo wao wangekuwa wanasheria, mahakama ingefunga milango. Mnunuzi akaitundika mashine kwenye mizani yake. Alikuwa mtu mwangalifu, akauliza kama ndani hakuna kitu ambacho mwenyewe angependa kukitoa. Girja akampungia mkono. Ndani, alisema, kumebaki vumbi tu. Mkokoteni wa baiskeli ukaondoka ukilialia, na Prabha akarudi kwenye unga wake.

Haukupita muda mrefu Shangazi akaja bandani na ungo wake. Harusi ilikuwa imekaribia kiasi kwamba kuta za nyumba yake zilikwisha pakwa chokaa. Alitaka kusomewa, asikie kama mambo yote yamekaa sawa. Akaketi, akavuta ukaya wake vizuri kama mtu anayengoja kusomewa hukumu ya kumpendelea.

"Nisomee ule wa tumbo," alisema. "Nimesikia Lakhanlal tumbo analo."

Girja akafungua. Akatazama. Akafungua faili jingine, na jingine. Kwenye kila mstari herufi zilikuwa zimekaa pasipo pao, kama wageni waliokosea nyumba, na kati yake vilipangana visanduku vitupu, vyote vya sura moja, safu kwa safu. Programu ilikuwa imezijua herufi za fonti za watu wote. Zile alizozihamisha Girja kwa mkono wake haikuzijua. Nyingine ilizipachika sura zisizo zake, na zilizobaki, kila moja ilizikwa kwenye kisanduku kilekile. Na visanduku havikuandikwa majina ya marehemu.

"Soma basi," Shangazi akasema. "Au tumbo ni kubwa halipiti mlangoni?"

Jasho likamtiririka. Alisema mashine ina joto, aipumzishe kidogo, yeye anarudi sasa hivi. Kisha akatoka mbio kama mtu aliyefukuzwa na nyuki, viatu mkononi, mpaka kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Alimkuta kuku amekalia mayai ndani ya kasha la kompyuta yake. Yaliyokuwa ndani ya kasha yalikuwa yamepasuliwa kwa nyundo na kupelekwa Jhansi kuyeyushwa pamoja na mengine. Mnunuzi alimhurumia, akamwambia kwamba kama ni kasha analitaka, angoje mayai yaanguliwe.

Girja alijaribu yote anayoyajaribu mtu wa aina yake. Alikaa na mashine ile mpya akirudisha herufi moja moja kwa kukumbuka alizipeleka wapi. Akapata mifupa: neno "mkwe" hapa, neno "masharubu" pale, na katikati mapengo, kama kinywa cha kikongwe. Ungedhani basi angezikumbuka nyimbo zenyewe, maana ndiye aliyeziandika. Lakini waulize wapiga chapa. Maneno hupita sikioni yakaenda moja kwa moja kwenye vidole, kichwa hakishirikishwi. Vidole vya Girja vilizijua nyimbo zile zote, na vidole havisemi.

Siku ya pili alikwenda nyumbani kwa Shangazi. Alimkuta uani akihesabu sahani za majani kwa ajili ya karamu. Akaeleza yote, bila kupamba wala kumsingizia mtu, huku akitazama vidole vya miguu yake. Alipomaliza, hakurushiwa hata punje ya dengu. Alikuwa amejiandaa kwa matusi ya mwanamke aliyewatukana wakubwa wa wilaya tatu, na kutotukanwa kukamchoma zaidi.

Mwishowe akamwambia kwamba bado kuna njia. Shangazi aimbe tena, naye ataandika upya usiku na mchana.

Yule mama akaziweka sahani chini. "Girja, mwanangu," alisema, "zamani nilikuwa naziimba kila siku nikisukasuka maziwa, kwa kuogopa zisinitoroke. Uliponiambia umeziweka, nikaacha. Nikasema sasa zina nyumba. Kichwa changu kimezoea kupumzika, hakiitiki tena."

Hata hivyo walijaribu. Alifumba macho, akapiga kofi, mwanzo wa wimbo ukaja, na baada ya mstari mmoja au miwili ukakatika kama uzi mbovu. Alikuwa akianza wimbo wa mkwe bahili akajikuta kwenye wa farasi. Mara nyingine alicheka peke yake kwa utamu wa jambo fulani, na Girja alipouliza ni lipi, lilikuwa limekwisha kupita. Kabla ya jua kuzama alimwomba Girja aende nyumbani.

Siku ya harusi ikafika, nyimbo bado hazijapatikana. Wakwe kutoka Chhatarpur waliketi sakafuni kwa safu, sahani za majani mbele yao, puri, ile mikate ya kukaanga, zikitoa mvuke. Bwana Lakhanlal alikaa katikati. Tumbo lake kweli lilitangulia. Alikuwa amewaleta kaka zake wote kwa sababu moja: marehemu baba yake alitukanwa na Ramkunwar enzi mama huyo angali kijana, akajivunia matusi hayo mpaka siku aliyokata roho. Sasa zamu ilikuwa ya mwanawe. Katika ukoo wao mkono haukugusa chakula kabla ya tusi la kwanza.

Nyuma ya pazia jepesi wasichana waliimba nyimbo za miungu, zile zilizosalimika. Waliziimba vizuri. Zilipokwisha, waliziimba tena. Miungu ilikaribishwa mara mbili, nayo haikuwa na njaa. Binamu mmoja aliyebabaika akafungulia wimbo wa sinema kwenye spika, Surabhi akamwashiria azime. Girja, aliyekuwa akigawa mboga na ndoo mkononi, alisimama mahali pamoja kana kwamba sakafu ilikuwa imemshika nyayo.

Lakhanlal akanyanyua uso kuelekea kwenye pazia. "Mama, puri zinapoa," alisema kwa utani. "Au mmezitafuta kasoro zangu mkazikosa?"

Kaka zake wakacheka. Nyuma ya pazia makofi yakaanza, makavu na ya polepole, na sauti ya Shangazi Ramkunwar ikapanda, nyembamba lakini kali kama zamani:

"Tumbo la Lakhanlal limewasili Jumanne,
Lakhanlal mwenyewe kafika Jumatano..."

Safu nzima ikapasuka kwa kicheko. Lakhanlal akajipiga tumbo kwa kiganja, akainama mbele na sikio lake akalitega. Makofi yakaendelea. Yakaendelea tena. Kisha yakapungua, yakabaki ya mkono mmoja, yakanyamaza.

"Na Alhamisi, mama?" Lakhanlal akauliza. "Alhamisi kimefika nini?"

Hatimaye Shangazi akajibu, si kwa kuimba.

"Alhamisi kilikuwepo kitu, mwanangu. Kilikuwa kizuri sana. Ungelicheka mpaka ukajisahau."

Hakuna aliyecheka. Girja alimtazama Lakhanlal, akaomba kimoyomoyo yule mtu akasirike, asukume sahani, adai heshima yake mbele ya watu wote, maana hasira ingekuwa nafuu. Lakhanlal hakukasirika. Alikunjua miguu kidogo, akavunja kipande cha puri, akala. Akaisifu mboga kwamba imeiva vizuri. Akamwuliza jirani yake kuhusu bei ya dengu mwaka huu. Kaka zake wakamfuata, wakala kwa adabu, bila kelele, kama watu walioshuka kwenye basi kula hotelini. Walipomaliza, Lakhanlal alisimama mbele ya pazia, akakutanisha viganja kifuani, akashukuru kwa ukarimu. Hakuomba kuongezewa. Waliingia wageni, wakatoka wageni, na bibi harusi akaondoka nao akilia kilio kirefu kuliko kinachohitajiwa na desturi.

Girja hakukatazwa kuingia nyumba ile. Angekatazwa ingekuwa afadhali. Mpaka leo, mahakama ikifungwa kwa joto, huichukua kompyuta yake nyembamba na kwenda kuketi uani kwa Shangazi Ramkunwar. Huifungua akangoja. Kuna siku huja neno, kuna siku huja mdundo wa makofi bila neno, na siku nyingi huja chai. Kila kinachokuja hukiandika mara moja, kwa herufi safi zinazosomeka dunia nzima. Surabhi akipiga simu kutoka Chhatarpur kuuliza kama Alhamisi imepatikana, Girja humwambia bado wanaitafuta. Wapo wapiga chapa wenzake wanaokuja kumwuliza kama ile programu ya kugeuza ni nzuri. Yeye huwaambia ni nzuri, haina kosa, kosa lilikuwa kwenye mizani ya vyuma chakavu.

Wahenga hawakupata kuiona kompyuta, wala hawakufika Mauranipur. Lakini Girja walikwisha kumwona tangu zamani, wakamwonya mapema: usiache mbachao kwa msala upitao.